Akila na Prisila wa Mpale



Juma lililopita hamkuikuta tafakari yetu mahali pake, na baadhi yenu mmetuuliza kulikoni. Tulikuwa safarini Unguja kwa siku nne, tukiwasindikiza mume na mke wa hapa kwetu Mpale. Wameturuhusu kuisimulia safari yao kwa sharti kwamba majina yao yasitajwe, ingawa mume mwenyewe alicheka akasema kuwa Mpale nzima itamtambua kabla ya kuimaliza aya ya pili. Mume ni Msambaa, fundi seremala. Mke ni Mzigua, mzaliwa wa upande wa Handeni. Walifunga ndoa miaka 31 iliyopita, na Mungu amewajalia watoto watano.

Kabla hatujafika Unguja, tupite kwanza Korintho. Katika sura ya 18 ya Matendo ya Mitume, Paulo anawakuta katika mji huo mume na mke, Akila na Prisila. Walikuwa Wayahudi waliotoka Italia kwa sababu Kaisari Klaudio alikuwa ameamuru Wayahudi waondoke Roma. Korintho haukuwa kwao. Ulikuwa mji wa kale wa Kiyunani, ambao Warumi waliubomoa mwaka 146 kabla ya Kristo, ukabaki katika magofu kwa karne moja hivi, hadi Julius Kaisari alipoagiza ujengwe upya mwaka 44 kabla ya Kristo. Ulikuwa na bandari mbili, moja ikielekea njia ya Italia na nyingine, Kenkrea, ikielekea njia ya Asia. Mabaharia, wafanyabiashara, watumwa na mafundi wa kila lugha walikutana humo, kila mmoja na mungu wake.

Tulipokuwa seminarini tulizoea kuutaja mji huo kwa kutikisa kichwa, kama mzazi wa kijijini atajavyo mji uliomchukua mwanawe. Yatupasa kukiri kwamba ndivyo tulivyoutaja pia Mji Mkongwe wa Zanzibar kabla ya safari hii. Na sababu tunaijua.

Binti wa nne wa wanandoa hawa aliondoka nyumbani baada ya kumaliza kidato cha nne. Alifanya kazi ya kuuza duka Dar es Salaam, kisha akavuka kwenda Unguja, akapata kazi jikoni katika nyumba ya wageni. Miaka mitatu iliyopita habari ikafika kwamba ameolewa na kijana Mwislamu na kwamba ameifuata dini ya mumewe. Baba yake alikuja nyumbani kwetu usiku, amelowa mvua, akatuuliza afanye nini. Tungependa kuwaambieni kwamba tulitafakari kabla ya kumjibu, lakini hatukutafakari. Tulikuwa tumechoka, na tulikuwa na hasira kana kwamba sisi ndio tuliokosewa. Tulimwambia asiwasiliane na binti huyo mpaka atakapotubu. Naye, kwa kuwa ni mtu wa kumheshimu padre wake, alitutii.

Kwa miaka mitatu jina la binti huyo halikutamkwa katika nyumba ile. Katika sala ya jioni baba aliwaombea watoto wake kwa majina, akitaja wanne. Mama alikuwa akilitaja la tano moyoni, na wakati mwingine, baba akiwa shambani au kazini, aliongea na binti yake kwa simu.

Mwaka huu, baada ya Misa ya asubuhi, mama huyo alikuja ofisini akatuonyesha picha ya mtoto mchanga katika simu yake. Akasema, "Baba Paroko, huyu mjukuu wangu ana miezi miwili. Nisaidie nimwone kabla hajaota meno." Tulikwenda kuzungumza na mume. Alikaa kimya kwa muda mrefu, akiipapasa randa yake, kisha akasema kwamba atakwenda kwa sharti moja: nasi twende, tukaseme na binti, ili arudi nyumbani. Tulikubali. Tuliandika hoja zetu kwenye karatasi, tukaikunja na kuiweka ndani ya breviari.

Tuliondoka Korogwe alfajiri kwa basi, tukapita Segera. Tulipofika Mkata, inapochepuka njia ya Handeni, mama aliitazama njia ile mpaka ikapotea nyuma yetu, asiseme neno. Tulilala Dar es Salaam, na asubuhi tukapanda boti. Mume hakuwahi kupanda chombo cha bahari maishani mwake. Kwa saa mbili hivi alishikilia kiti cha mbele yake kwa mikono miwili, naye mkewe akamshika bega, akimcheka kidogo kidogo.

Mji ule unaonekana kwanza kutoka baharini. Tuliiona minara miwili ya kanisa kuu letu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na wamisionari Wafaransa mwishoni mwa karne ya 19, ikisimama juu ya mapaa pamoja na minara ya misikiti. Karibu na maji ipo Ngome Kongwe, ambayo Waomani waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17, mahali ambapo Wareno walikuwa na kanisa. Kando yake ni Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakapoteza maisha.

Tulitembea kwa miguu ndani ya Mji Mkongwe, ambao mwaka 2000 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Vichochoro ni vyembamba hata watu wawili wenye mizigo hupishana kwa ubavu. Nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hushikiliwa na boriti za mikoko. Watoto walikuwa wakitoka madrasa, wazee wamekaa barazani wakinywa kahawa, vijana wa vespa wakipiga honi kila kona, na kutoka kila dirisha ilitoka harufu ya karafuu au samaki wa kukaanga. Mji wa kale, lakini hauna usingizi. Mume alisimama mbele ya kila mlango uliochongwa. Aliupapasa mti kwa kidole gumba, akaangalia viungo, akatueleza ni wapi patasi ilipita na ni wapi fundi alikosea kisha akaficha kosa lake. Hatukuwahi kumwona na furaha kiasi hicho tangu binti yake aondoke.

Siku iliyofuata tuliwapeleka kwenye Kanisa Kuu la Waanglikana, pale Mkunazini. Palikuwa na soko la watumwa. Soko hilo lilifungwa mwaka 1873, kwa mkataba ambao Sultani Barghash alitia saini chini ya shinikizo la Waingereza, na mwaka huohuo Wamisioni wa Vyuo Vikuu, ambao pia waliifikisha Injili Magila kule Muheza, walianza kujenga kanisa mahali hapo. Askofu Edward Steere, mtaalamu mkubwa wa lugha yetu ya Kiswahili, ndiye aliyeisimamia kazi hiyo. Inasimuliwa kwamba altare imewekwa mahali uliposimama mti ambao watumwa walifungwa wakachapwa. Nje ya kanisa kuna shimo, na ndani yake zimesimama sanamu tano za watu, shingo zao zimefungwa kwa minyororo ya chuma.

Mama alisimama ukingoni mwa shimo lile kwa muda mrefu. Tulidhani anasali. Kisha akaanza kusimulia, bila kugeuka kututazama.

Katika miaka ya 1830, njaa kubwa iliipiga nchi ya Wazigua. Watu waliteremka pwani kutafuta chakula. Wako waliowaweka wana wao rehani, na wako waliojitoa wenyewe wapate kula, wakiamini watarudi mvua zikinyesha. Wengi hawakurudi. Walipakiwa majahazini wakapelekwa mpaka Somalia. Baadhi yao walitoroka utumwani, wakaweka vijiji vyao kando ya Mto Juba, na humo wakaendelea kuzungumza Kizigua, kizazi kwa kizazi. Vita vilipovuruga Somalia tangu mwaka 1991, baadhi ya wazao wao walikimbia wakarudi nchi hii, na hatimaye wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni, na uraia wa Tanzania.

Hayo mengi tulikuwa tumeyasoma. Lakini mama huyu aliwaona. Alisimulia kwamba alipokwenda kuwasalimu ndugu zake upande ule, alikutana njiani na bibi mmoja wa Chogo. Akamsalimu kwa Kizigua, na yule bibi akaitikia kwa Kizigua cha zamani, chenye maneno ambayo yeye aliyasikia mara ya mwisho kutoka kwa nyanya yake. Wote wawili waliketi chini wakalia.

"Wale walikuwa Waislamu, Baba," akasema. "Walikaa huko zaidi ya miaka mia na hamsini. Waliporudi, sisi kwa kwetu hatukuwauliza dini. Tulisema, watoto wetu wamerudi. Tulipigiana vigelegele." Hapo ndipo akamgeukia mumewe. "Wale walipelekwa na njaa. Huyu wetu hakuuzwa na mtu, yuko safari ya saa mbili tu, nasi ndio tunaompoteza kwa kunyamaza."

Mume hakumjibu. Nasi hatukuwa na la kusema, maana katika neno lile "tunaompoteza" tulijua sisi tumo, tena mbele. Wahenga walinena kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Tulikuwa tumetoa shauri juu ya uchungu tusioujua.

Jioni ile tulivuka Barabara ya Benjamin Mkapa, iliyoitwa zamani Creek Road kwa sababu ya hori la bahari lililofukiwa hapo, tukaingia Ng'ambo. Kijana mmoja, mwembamba, mwenye vumbi la mbao katika nywele zake, alikuwa akitusubiri kwenye kona. Aliwaamkia wakwe zake "Shikamooni" kwa sauti iliyotetemeka, akapokea mizigo yote mitatu. Mlangoni tulipiga hodi, na mama yake akatukaribisha kwa mikono miwili.

Binti alitoka chumbani amefunga mtandio, mtoto kifuani. Alipomwona baba yake alipiga magoti palepale uani. Mume alisimama. Tulihesabu, kama mtu ahesabuvyo kati ya radi na ngurumo. Kisha akasema, "Mwanangu, unakula vizuri?" Akasema hivyo tu. Binti akashindwa kujibu. Mama yake alikuwa ameshamchukua mtoto, na baada ya kitambo akamweka mapajani mwa babu yake, ambaye alimshika kama alivyokishikilia kile kiti cha boti.

Chakula kililetwa: wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha. Mazungumzo yalikuwa mazito, kila mtu akichagua neno lake. Ndipo mume akaona pembeni mwa uga ubao mpana uliochorwa maua kwa penseli, nusu umechongwa. Akauliza ni kazi ya nani. Mkwe akasema ni yake, kwamba ni fundi wa milango. Akauliza ni mti gani. Msaji. Akauliza patasi gani inatumika kwenye majani haya madogo. Mkwe akaenda kuileta, kisha akaleta na nyingine, na hatimaye sanduku zima la zana. Walikaa chini, baba mkwe na mkwe, wakabishana juu ya mvule na mninga mpaka kahawa ikapoa, na tulimsikia mume akisema, "Hapana, mwanangu, shika hivi."

Ndipo tulipolikumbuka jambo dogo katika ile sura ya 18, ambalo tumelisoma mara nyingi tukalipita. Luka anaeleza kwa nini Paulo alikaa katika nyumba ya Akila na Prisila. Hasemi ni kwa sababu walikubaliana katika hoja. Anasema ni kwa sababu kazi yao ilikuwa moja: walikuwa mafundi wa mahema. Injili iliingia Korintho na watu walioketi chini pamoja, sindano na ngozi mikononi. Tena mbele kidogo katika sura hiyohiyo, Akila na Prisila walipomsikia Apolo akihubiri kwa ufasaha lakini kwa upungufu, hawakumkemea mbele ya watu. Walimchukua, wakamweleza kwa utulivu. Na Paulo, alipowaandikia Wakorintho, aliwakuta humo hata waamini walioishi na mume au mke asiyeamini, akawashauri wasivunje nyumba zao ikiwa yule mwenzi aridhia kukaa kwa amani. Ile sura ya 13 ya barua yake ya kwanza, ambayo tunaisoma katika ndoa nyingi hapa parokiani, haikuandikwa kwa maharusi. Iliandikwa kwa Wakristo waliokuwa wakigombana katika mji wa bandari.

Karatasi yetu ilikuwa ndani ya breviari, na breviari ilikuwa mkobani. Hatukuitoa.

Tusieleweke vibaya, ndugu zangu. Kanisa lina mafundisho yake juu ya imani na ndoa, nasi hatuyafichi wala hatuyaonei haya. Binti huyu alibatizwa kwa mikono ya padre aliyetutangulia hapa, na hakuna siku tutakayoacha kumwombea. Alipotusindikiza nje alituuliza kwa sauti ndogo kama bado tunamkasirikia. Tulimwomba msamaha kwa shauri tulilompa baba yake. Hakulitarajia jambo hilo, nasi hatukuwa tumelipanga. Akasema, "Nilidhani baba amenisahau, Padre. Nisingeweza kufikiri kwamba aliambiwa." Neno hilo tumelibeba mpaka nyumbani, na bado lina uzito.

Usiku wa mwisho mkwe alitupeleka sote Forodhani. Taa za wachuuzi zilikuwa zimewashwa kando ya bahari, vijana wakiruka majini kutoka ukutani, na moshi wa mishkaki ukipanda. Tulikunywa juisi ya miwa. Mama alionja urojo, akaomba bakuli la pili. Mume alitembea mbele na mjukuu begani, akimwonyesha majahazi, akimweleza kwa Kisambaa vitu ambavyo mtoto wa miezi miwili hawezi kuvielewa katika lugha yoyote.

Katika boti ya kurudi tulimuuliza kama ameridhika. Alifikiri. Akasema, "Sijaridhika, Baba. Nilitaka arudi katika Kanisa, nami nitaendelea kutaka hivyo mpaka nife. Lakini nimemwona, na yule kijana anajua kushika patasi." Mke wake aliyekuwa karibu alijifanya amesinzia.

Tumerudi Mpale siku ya Jumanne. Juzi jioni tulialikwa kusali pamoja nao. Baba aliwaombea watoto wake kwa majina, mmoja mmoja. Alipofika kwa wa nne alinyamaza kidogo, kisha akalitaja lile alilobatizwa, akaendelea mpaka wa tano, na kwa mwisho akamwongeza mjukuu. Wao wenyewe wameamua kwamba kila Dominika baada ya Misa watapiga simu Unguja.

Wapendwa, yamkini katika nyumba zenu nyingine lipo jina lisilotajwa wakati wa sala ya jioni. Hatujui kilichotokea, na baada ya yale yaliyotupata hatutaharakisha kutoa shauri. Twawaombeni jambo moja tu kwa juma hili: litajeni. Na kama ni sisi tuliowaambia msilitaje, njooni mtuambie, mlango wetu uko wazi, hata usiku, hata mkiwa mmelowa mvua.

Mungu awabariki nyote.

Padre wenu, Mpale